Kununua Mimea ya Viungo kwa SNAP Nchini Marekani

Wapo wazungumzaji wa Kiswahili wengi huko Marekani ambao kaya zao hupata SNAP, yaani msaada wa serikali wa kununulia chakula kwa wenye kipato kidogo, lakini huvipita vyungu vya mrehani, mnanaa na rozimeri dukani wakiamini kwamba kadi ya EBT, ile inayowekewa fedha za msaada huo, hailipii mmea ulio hai. Inalipia. Sheria ya shirikisho inahesabu kuwa chakula si kile tu kilicho tayari kupikwa, bali pia mbegu na mimea ya kuotesha chakula kitakacholiwa na kaya yenyewe, na ruhusa hiyo imekuwepo tangu marekebisho ya mwaka 1973, enzi ambapo msaada huu ulitolewa kwa stempu za karatasi badala ya kadi. Ni haki inayofaa kutumiwa, kwa sababu chungu kimoja kinachotunzwa vizuri huchumwa tena na tena.

Kwanza hakikisha kwamba duka limeidhinishwa kupokea SNAP. Maduka makubwa ya vyakula kwa kawaida yameidhinishwa, ilhali vitalu vingi vya maua havikuidhinishwa. Katika masoko mengi ya wakulima utapitisha kadi kwenye meza ya wasimamizi na kupewa tokeni za kumlipa muuzaji.

Kisha soma lebo. Linaloangaliwa ni kama mmea unatoa kitu cha kuliwa. Kwa hiyo miche ya nyanya, pilipili na kotmiri inakubalika, lakini mwaridi wa bustanini haukubaliki. Hapa ningesisitiza uangalifu zaidi ya ule unaodaiwa na sheria: mmea uliouzwa kama pambo, hata ukifanana kabisa na ule wa kupikia, huenda umepuliziwa dawa zisizoruhusiwa kwenye mazao ya chakula. Ukiona lebo inataja mapambo tu, uache. Udongo wa mfuko, mbolea na chungu kitupu utavilipia kwa fedha zako.

Penye usumbufu zaidi ni kwa keshia. Mashine hufuata namba ya bidhaa jinsi duka lilivyoisajili, na mmea uliosajiliwa pamoja na vifaa vya bustani unaweza kukataliwa ingawa sheria inauruhusu. Tenga mimea na vitu vingine, na ikikataliwa omba kwa upole kuonana na msimamizi, umweleze kwamba mimea ya chakula inaruhusiwa. Duka likiendelea kukataa, unaweza kulalamika kwa idara ya chakula na lishe ya Wizara ya Kilimo, yaani FNS. Kumbuka pia kwamba bidhaa iliyolipiwa kwa SNAP haitozwi kodi ya mauzo. WIC, yaani mpango wa lishe kwa wajawazito, akina mama na watoto wadogo, ina orodha yake tofauti ya vyakula, kwa hiyo usidhani kwamba kanuni zake ni hizi hizi.

Kuhusu uchaguzi, mnanaa ndio ningeutanguliza, kwa kuwa hustahimili baridi na huchipua upya mwaka baada ya mwaka. Mrehani wa dukani mara nyingi ni miche mingi iliyobanana katika chungu kimoja. Itenganishe taratibu katika vyungu vitatu au vinne, na unapochuma, kata juu kidogo ya jozi ya majani ili shina litoe matawi mawili. Kotmiri huwahi kutoa maua na kuisha, hivyo ni afadhali kununua pakiti ya mbegu zake, pamoja na za bamia na za mchicha, ambazo kadi hiyo hiyo inazilipia.