Jinsi ya kusoma vita vya Delhi na falme za kusini bila kupotea njia

Nazungumzia vita vya masultani wa Delhi na falme za kusini mwa India, mwanzoni mwa karne ya 14. Ukianza na majina ya koo za wafalme utachoka mapema. Ndivyo nilivyoanza mimi: Khalji, Tughluq, Yadava, Kakatiya, Hoysala, Pandya. Nikayakariri kama jedwali la kuzidisha, na wiki moja baadaye sikubaki na kitu. Siku hizi nikiwafundisha vijana vita hivi, tunafungua daftari na kuchora safu nne: waliondoka lini, walifika lini, walichukua nini, na ya nne, ambayo ndiyo yenye kazi: je, walirudi?

Halafu chagua mji mmoja ukae nao. Mimi huchagua Warangal, mji mkuu wa Wakakatiya katika nchi ya Watelugu, kwa sababu majeshi ya Delhi yaliuendea zaidi ya mara moja, na kila mara kwa nia tofauti. Mwishoni mwa Oktoba 1309 Malik Kafur, mtumwa towashi aliyepanda hadi kuwa jemadari wa Sultani Alauddin Khalji, alitoka Delhi. Alifika Warangal katikati ya Januari 1310. Jaza safu mbili za kwanza, kisha jiulize kwa nini Oktoba. Mvua kubwa za huko huanza kama Juni na kupungua Septemba. Mito ikijaa, jeshi la farasi linakwama kwenye tope na chakula hakifiki. Kalenda ya mvua itakueleza mengi kuliko nasaba za wafalme.

Sasa nenda ukutani, wala usiharakishe. Warangal ilikuwa na ukuta wa nje wa udongo, na ndani yake ukuta wa mawe. Amir Khusrau, mshairi wa Delhi, anasema mawe ya manjaniki, ule mtambo wa kurushia mawe, yakigonga udongo ule yalidunda kama kokwa wanazochezea watoto. Kuwa macho hapo: kuusifu ukuta wa adui ni njia ya kumsifu aliyeuvuka. Lakini pia ni kweli kwamba jiwe hupasuka likipigwa, udongo mnene hubonyea tu. Pembeni ya sentensi ile nimeandika "inawezekana". Ramadhani iliwakuta bado wako pale pale, na ni ndani ya mwezi huo ukuta wa nje ulipoingiwa. Mfalme Prataparudra akaomba amani, akatuma sanamu yake ya dhahabu yenye mnyororo wa dhahabu shingoni.

Safu ya tatu ijaze kwa penseli. Barani, mwanahistoria wa Delhi, anataja tembo 100 na farasi 7,000. Khusrau anasema hazina ilibebwa na ngamia 1,000, na namba iliyonyooka namna hiyo mimi huisoma kama "wengi sana". Safu ya nne ijaze kwa wino: ndiyo, walirudi. Juni 1310 Kafur alikuwa Delhi, na Prataparudra alibaki kwenye kiti chake, akiwa ameahidi kulipa kodi kila mwaka. Alauddin alikuwa na jeshi kubwa la kulipa na Wamongolia walishampigia hodi zaidi ya mara moja. Alitaka mali ya kusini; ardhi yenyewe aliiacha kwa wenyewe.

Jambo linalofuata nililijifunza kwa aibu. Niliwahi kuwasimulia wanafunzi kuzingirwa kwa Devagiri, mji mkuu wa Wayadava, na Alauddin mwaka 1296, kabla hajawa sultani: jinsi Mfalme Ramachandra alivyojifungia ngomeni, watu wake wakakusanya magunia ya nafaka yaliyoachwa na wafanyabiashara waliokuwa wakipita, na walipoyafungua wakakuta chumvi. Kijana mmoja akauliza, "Mwalimu, nani aliyaona hayo magunia?" Sikuwa na jibu. Kisa hicho tunacho kwa Firishta, mwanahistoria aliyeandika kama miaka 300 baadaye. Tangu siku hiyo kila mwandishi nampa mwaka wake pembeni: Khusrau 1311, kwa hiyo karibu mno, tena mtu wa ikulu; Isami, mwandishi mwingine wa Kiajemi, 1350; Barani 1357, mzee aliyeanguka kutoka ikulu, akiandika kwa uchungu. Chumvi bado naisimulia. Ni tamu. Ila nasema imetoka wapi.

Utakutana na watu wanaokwambia hivi vilikuwa vita vya Waislamu na Wahindu, basi, yameisha. Wasikilize, kisha fuata nani alikuwa njiani na nani. Ramachandra huyo huyo, baada ya kushindwa tena mwaka 1308 na kurudishiwa ufalme wake, ndiye aliyelipatia jeshi la Kafur chakula na masoko lilipopita. Ballala III, mfalme wa Wahoysala, alishindwa mwaka 1311, kisha akamwonyesha Kafur njia ya kwenda kwa Wapandya, kusini kabisa. Na huko kwa Wapandya, Khusrau anasema Kafur alikuta Waislamu wakimtumikia mfalme wao, Vira Pandya. Waliachiwa kwa sababu waliweza kutamka shahada. Dini ilikuwamo, sikatai, na mahekalu yaliporwa kweli. Lakini kila mfalme alikuwa na jirani aliyemchukia kuliko alivyoiogopa Delhi.

Upande wa walioshindwa usiutafute kwenye vitabu vya Kiajemi vya waandishi hawa. Utafute kwenye mawe na mabamba ya shaba. Huko, katika Kisanskriti, wavamizi huitwa "Turushka", yaani Waturuki, kwa kabila lao. Na mtawala wa Delhi anaitwa Ashvapati, bwana wa farasi. Mimi naona jina hilo limesema yote kuhusu walichokiogopa. Bamba la Vilasa, la karibu mwaka 1330, linasema Prataparudra alikufa kando ya mto Narmada akipelekwa Delhi kama mateka.

Ndiyo, kwa sababu walikuja tena. Mwaka 1323 Ulugh Khan, mwana wa sultani wa wakati huo, ambaye baadaye akawa Sultani Muhammad bin Tughluq, aliichukua Warangal baada ya jaribio la kwanza kuvurugwa na uvumi kwamba sultani amekufa. Mji ukaitwa Sultanpur. Safu ya nne, kwa mara ya kwanza, andika: hapana.

Ila acha mistari michache wazi chini yake. Kabla ya miaka ya 1330 kwisha, Kapaya Nayaka, kiongozi wa Kitelugu, alikuwa ameitwaa Warangal, Madurai, huko kwa Wapandya, ilikuwa na sultani wake aliyejitenga na Delhi, na Vijayanagara, ufalme mpya wa kusini, ilikuwa imeanza. Ballala III alikufa akipigana na huyo sultani wa Madurai. Ibn Battuta, yule yule aliyefika Kilwa mwaka 1331, alipita Madurai akaiona ngozi ya Ballala imejazwa majani makavu na kutundikwa ukutani. Hapo ndipo ninapogeuza ukurasa na kuchora safu upya, kwa mji wa pili.