Kriketi ya wasioona: kuandaa uwanja, vifaa na mazoezi

Kabla ya kutafuta gongo, tafuta pahala palipo kimya. Mchezo huu ulianzia Melbourne, Australia, mwaka 1922, kwa kopo lililotiwa vijiwe, na hadi leo unachezwa kwa sikio. Huku kwetu, Unguja na Pemba, wengi hukimbilia pwani maji yakitoka kwa sababu mchanga umeshikana vizuri. Usifanye hivyo: mawimbi na upepo wa kusi humeza mlio wa mpira. Kiwanja cha skuli asubuhi, mbali na njia ya daladala, ni bora zaidi. Watazamaji nao wanyamaze mpaka mpira umalize mwendo, kwani kelele moja tu inamnyima mpigaji haki yake.

Pima mita 20.12 kati ya wiketi (vile vijiti vitatu anavyolinda mpigaji) na wiketi ya upande wa pili, kisha chora mstari katikati. Wiketi iwe ya chuma, ili ikigongwa kila mtu asikie. Mwambie fundi wa kuchomea aunganishe mabomba matatu yawe kitu kimoja, kimo sentimita 71, upana 23, kisha ipakwe rangi ya chungwa au manjano kali kwa ajili ya wenye uoni hafifu. Kwenye mstari wa mrushaji fukia kamba ya makumbi, nusu ya unene wake ibaki juu, mguu uihisi.

Mpira halisi ni wa plastiki ngumu wenye gololi ndani. Ukiutengeneza mwenyewe kwa mazoezi, tia gololi chache za baiskeli, ziba, tikisa, usikilize. Ukizijaza, hazina nafasi ya kucheza na mlio unafifia.

Kwa kanuni za kimataifa, kati ya wachezaji 11 wasiopungua wanne wawe B1, yaani wasioona kabisa. Mbio, yaani pointi, za B1 huhesabiwa mara mbili, na akipiga ana mtu wa kukimbia badala yake.

Mrushaji hurusha mkono ukiwa chini ya bega, na mpira uguse ardhi kabla ya mstari wa katikati. Humuuliza mpigaji "Ready?", husubiri amjibu "Yes", kisha hutamka "Play!" pale pale mpira unapotoka mkononi. Wanafunzi wengi hukosea hapa: wanatamka mapema, mpigaji anaanza kutafuta sauti ambayo haijaja, na mpira unahesabiwa batili. Wazoeshe kutamka bila mpira kwanza, mara ishirini ishirini.

Mpigaji apige goti la mbele, gongo alilaze karibu na ardhi, afagie kukata njia ya mpira. Akiinua ncha hata kidogo, mpira unapita chini yake.

Uwanjani, B1 akidaka mpira uliodunda mara moja, mpigaji ametolewa. Lakini mpira ukisimama hausemi kitu tena, kwa hiyo anayeona kidogo aliye jirani amwelekeze mwenzake upesi: "Kushoto, hatua mbili, mbele yako."