Kabla ya Kumwajiri Maalim wa Pamoja Uingereza, Ulizia Karatasi za Kila Mtoto

Likizo hii nikiwa Lamu, kuanzia Mkomani hadi Langoni sikukosa nyumba yenye binti au mkwe anayejiandaa kumfuata mume Uingereza. Swali nililoulizwa ni lilelile: ni kweli kule mtu anaweza kuwatoa watoto shule, familia chache zikakusanyana, zikamlipa maalim mmoja awasomeshe Qur'ani asubuhi kisha hesabu na Kiingereza? Ni kweli, na kama una nia hiyo sikukatazi. Ila kuna shimo moja limefunikwa vizuri sana, na mimi na wenzangu tulitumbukia humo. Ninayoyaandika hapa ni ya England peke yake. Scotland ina taratibu zake, ambako kumtoa mtoto shule ya serikali kunahitaji idhini ya halmashauri. Ujerumani hata usijaribu. Kule mtoto sharti aende shule.

Mambo mepesi kwanza. Sheria ya Elimu ya mwaka 1996, kifungu cha 7, inamdai mzazi ahakikishe mtoto anapata elimu ya wakati wote inayomfaa kwa umri na uwezo wake, ama shuleni ama kwa njia nyingine. Hiyo njia nyingine ndiyo yetu. Hulazimiki kufuata mtaala wa taifa. Ukitaka kumtoa mtoto shule ya kawaida, unamwandikia mwalimu mkuu barua, naye anafuta jina na kuijulisha halmashauri. Hakuna barua ya chifu wala muhuri. Kwa mtoto aliye shule maalumu ni lazima halmashauri ikubali kwanza. Weka nakala ya kila barua.

Sasa shimo lenyewe. Waswahili wengi wa kule wanaijua nusu ya sheria: ukiwa na watoto watano au zaidi wa umri wa lazima kusoma, mkawasomesha wakati wote, hiyo ni shule binafsi na lazima isajiliwe. Kwa hiyo watu huhesabu vichwa. Wakifika wanne wanasema alhamdulillah, tuko salama. Nusu ya pili haitajwi kabisa kwenye vikao vyetu: mtoto mmoja tu akiwa na mpango wa EHCP, ule unaoandikwa na halmashauri kwa mtoto mwenye mahitaji maalumu ya kujifunza, basi mmoja huyo anatosha kuifanya nyumba yako kuwa shule. Vivyo hivyo kwa mtoto aliye chini ya ulezi wa halmashauri. Hata watano hawahitajiki.

Sisi tulikuwa familia tatu, za Lamu na Malindi, na watoto wanne. Maalim wetu alikuwa mwalimu aliyesomea kazi hiyo Kenya, mwenye kibali halali cha kufanya kazi. Darasa lilikuwa sebuleni kwangu, Jumatatu hadi Ijumaa, saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, ubao umeegemezwa kwenye kochi. Mmoja wa watoto alikuwa kijana wa miaka tisa ambaye shuleni alikuwa akishinda chini ya meza, vidole masikioni, kwa sababu kelele za darasa la watoto thelathini zilimchoma. Kwangu alikaa mkekani, akaisoma Ar-Rahman mwanzo hadi mwisho bila kukosea, kisha akageuka kuuliza kama hesabu za kugawanya zimebaki. Mama yake alikuwa akilia jikoni kimyakimya. Hilo ndilo lililokuja kuitwa shule isiyosajiliwa.

Mama yule hakutuambia habari za mpango wa mwanawe. Alidhani ni karatasi ya shule, na mtoto akishatoka shule imekwisha. Haiishi. Mpango hubaki na mtoto mpaka halmashauri yenyewe iufunge rasmi, na kila mwaka lazima upitiwe upya. Ulipofika wakati wa kupitiwa, mama akaulizwa mwanawe anasoma wapi, akajibu ukweli: kila asubuhi, nyumba fulani, na wenziwe. Hakuna aliyetusengenya na hakuna jirani aliyetushtaki. Karatasi ndiyo iliyosema.

Narudia, na nitarudia tena: kabla ya kuzungumza ada, kabla ya kumtafuta maalim, keti na kila mzazi faraghani umuulize kama mtoto wake ana EHCP, au kama aliwahi kufanyiwa tathmini ya kupewa. Kwetu mambo haya huonewa haya. Mtu atakwambia mwanangu ni mzito kidogo tu, au ana jicho. Usimfedheheshe, lakini usimwache mpaka akujibu kwa uwazi, na kama ipo karatasi, aitoe uisome.

Afisa aliyekuja alikuwa mpole. Alivua viatu mlangoni, akanywa chai, akawasifu watoto, akasema amekuja tu kuzungumza kidogo. Wiki iliyofuata ikaja barua yenye maneno mazito, ikitaja Sheria ya Elimu na Ujuzi ya mwaka 2008, kifungu cha 96. Kuendesha shule bila usajili ni kosa la jinai, na adhabu yake ni faini au kifungo. Maalim wetu hakulala siku nyingi. Hofu yake kubwa ilikuwa kibali chake. Jambo hili nimelijua baada ya kuishi nao muda mrefu: Mwingereza wa ofisini hakukaripii usoni, huenda zake akaandika barua. Kwetu mkubwa akighadhibika utamsikia, mtaelewana, yataisha barazani. Kule uso na barua haviendi pamoja, na mgeni huamini uso. Pia nitawatendea haki: ukali wao juu ya watoto una sababu, maana wakaguzi wa Ofsted, idara ya serikali inayokagua shule, wamekuta mahali ambapo watoto wamefungiwa siku nzima katika majengo machafu, na watu wasiochunguzwa tabia zao. Kinachoniuma ni kuwa sheria ile iliyowekwa kumlinda mtoto kama yule ndiyo iliyokaribia kumrudisha chini ya meza.

Na jamaa zetu wa nyumbani, naomba mnisikilize kwa mapenzi. Khalati yangu wa Langoni alinitumia sauti akasema, si chuo cha Qur'ani tu hicho mwanangu, chuo huombewi ruhusa na mtu. Khalati, nakushika miguu, lakini chuo cha jioni baada ya shule ni jambo jingine kabisa. Kinachoangaliwa ni yale masaa ya mchana ambayo mtoto angekuwa shuleni. Na ami anayetaka kumleta mjukuu wa kaka yake aje aunganishwe na darasa letu, ajue kuwa mtoto huyo naye anahesabiwa kichwa. Tena kuna jingine. Mtoto wa chini ya miaka 16 akikaa siku 28 au zaidi kwa mtu asiye mzazi wake wala jamaa wa karibu kisheria, halmashauri lazima ijulishwe. Jamaa wa karibu kwao ni babu na bibi, kaka na dada, shangazi, ami, mjomba, khalati, mzazi wa kambo. Binamu wa baba, ambaye kwetu ni baba, kwao si kitu. Msitume watoto kwa kuambiana kwenye simu.

Tulivyojitoa ni hivi. Neno «wakati wote» halikuwekewa idadi ya masaa katika sheria, lakini mwongozo wa serikali unasema zaidi ya masaa 18 kwa wiki, mchana, kwa kawaida huhesabiwa wakati wote. Sisi tulikuwa na 20. Tukapunguza mpaka asubuhi tatu, masaa matatu kila moja, jumla tisa. Yaliyobaki kila mzazi anamsomesha mwanawe nyumbani kwake, na kila familia iliandika mpango wake wenyewe na kuutia saini. Tukawajibu halmashauri kwa maandishi, kila swali na jibu lake. Kijana akabaki na wenziwe. Usije ukacheza na masaa kumi na saba na nusu kwa kudhani umewazidi akili. Wanatazama hali nzima, na kama maisha yote ya masomo ya mtoto yako hapo kwako watakuuliza tu. Na kama kuna mwenye EHCP, hata kwa masaa machache, mzazi aiambie halmashauri mapema mtoto anasomeshwa vipi. Narudia: aiambie yeye, kwa barua, kabla haijauliza.

Kuhusu maalim, angalia viza kabla ya sauti ya tajwidi. Wengi hupenda kumchukua kijana wa chuo kikuu kutoka nyumbani. Mwenye viza ya mwanafunzi haruhusiwi kujiajiri, na akiajiriwa ana mipaka ya masaa wakati wa muhula, kwa wengi wa shahada ni 20 kwa wiki. Kumlipa mkononi kama mtu aliyejiajiri ni kumharibia maisha. Awe na cheti cha DBS, ambacho ni kama hati yetu ya tabia njema. Mkiwa na watoto wa chini ya miaka 8 wanaokaa naye zaidi ya masaa mawili kwa siku, huenda usajili wa ulezi ukahitajika. Kama nyumba ni ya kupanga, soma mkataba.

Mitihani hulipiwa na mzazi. Wengi wetu huchagua IGCSE, mitihani ya kumaliza sekondari ya kawaida, kwa sababu masomo mengi humalizika kwa karatasi za mtihani tu; tafuta kituo kinachopokea watahiniwa wa nje mapema. Posho ya mtoto inayolipwa na serikali huendelea baada ya miaka 16 ikiwa masomo ya nyumbani yalianza kabla ya umri huo.

Muswada uliofikishwa Bungeni Desemba 2024 ulikuja na pendekezo la daftari la halmashauri la watoto wasio shuleni, pamoja na kuulizwa nani mwingine anayewasomesha. Kwa hiyo daftari lenu nalo lianze siku ya kwanza ya darasa: tarehe, mtoto gani alikuja, alifika saa ngapi, aliondoka saa ngapi, na jioni ile mzazi wake alimsomesha nini.