Fuata udongo, maji na mtetemo: namna ya kupima athari za reli mpya ya chini ya ardhi

Nilipokabidhiwa kwa mara ya kwanza tathmini ya reli ya chini ya ardhi, nilitandaza ramani mezani, nikachora mstari mwekundu kufuata njia nzima, nikaacha mita 50 kila upande, nikaona eneo la utafiti limeshapatikana. Mhandisi wa miamba niliyekaa naye chumba kimoja akaichukua kalamu yangu, akachora miduara saba juu ya ule mstari: stesheni tano, shimo la kushushia mashine ya kuchimba, na shimo la kupitishia hewa. Kisha akauliza, "Na udongo utapelekwa wapi?" Ramani yangu haikufika huko.

Tangu siku hiyo kila tathmini naianza kwa miduara na swali lile. Handaki likishapita mita 25 chini ya nyumba, wengi wa wanaoishi juu yake hawalijui. Kinachowafikia watu hupitia kwenye mashimo, kwenye barabara za malori, kwenye maji ya ardhini na kwenye mtetemo unaopanda ukutani. Ripoti ya kurasa 800 inayogawa uzito sawa kwa kila kilomita huwasahau wanaoishi kando ya ile miduara saba, na hao ndio wanaoumia ili wengine wasafiri kwa raha.

Ingia wakati njia bado inasogezeka

Usikubali kuitwa baada ya michoro kupigwa mhuri. Hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi unayopewa, zikikufikia, angalia kwanza kama zinakuruhusu kulinganisha njia mbadala, pamoja na chaguo la kutojenga kabisa. Mambo matatu ndiyo yanayobadilisha athari kuliko mengine yote: kina cha handaki, mahali pa mashimo, na kama stesheni zitachimbwa wazi kutoka juu au kwa ndani. Shimo la hewa lililopangwa kando ya wodi ya wagonjwa laweza kuhamishwa mita 150 kwa siku moja likiwa bado kwenye karatasi. Mkataba ukishasainiwa, utabaki kuomba kuta za kuzuia kelele.

Kumbuka pia kwamba uchunguzi wenyewe una athari. Singapore ilipopanga reli ya Cross Island kupita chini ya hifadhi ya msitu ya Central Catchment, ilifanya tathmini ya pekee kwa ajili ya kazi ya kupima udongo tu, kabla hata ya tathmini ya ujenzi. Idadi ya mashimo ya uchunguzi ndani ya msitu ikapunguzwa, na handaki likapangwa kwenda kina cha mita 70 hivi. Napenda kuutaja mfano huu kwa wakandarasi wanaotaka kuingiza mitambo ya kutoboa ardhi "kuchungulia tu".

Pima hali ya awali kwa mwaka mzima

Hapa ndipo tathmini nyingi hufa. Mshauri anakwenda wiki mbili za kiangazi, anapima kelele mchana, anashusha kipimo kwenye visima vitatu, anaandika "hali ya awali". Mvua zikija kila kitu kinabadilika, na mgogoro ukizuka hakuna anayeweza kuthibitisha lolote, si mwenye nyumba wala mwenye mradi.

Pima misimu yote. Kelele zipimwe usiku pia, hasa kati ya saa nane na saa kumi, maana huo ndio ukimya ambao mradi utauvunja. Piga picha nyufa za kila jengo lililo ndani ya eneo ambalo ardhi yake inaweza kutitia, yaani kushuka, handaki likichimbwa, mwenye nyumba akiwa amesimama pale, na umwachie nakala.

Na uwasikilize wenyeji kabla ya kununua vifaa. Katika mradi mmoja, mzee mmoja alikuja kwenye mkutano na daftari lililofungwa kwa mpira. Kila Jumamosi kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ameteremsha kamba kisimani, kamba yenye fundo kila dhiraa moja, akaandika idadi ya mafundo kutoka ukingoni hadi kwenye maji. Masika, 9. Kiangazi, 14. Mwaka mmoja wa ukame, 15. Sisi tulikuwa na vipimo vya miezi minne. Nilimwomba, "Mzee, utaturuhusu tunakili?" Akanijibu, "Nakili mwanangu, lakini nakili yote, usichague." Tukanakili yote, na daftari lile ndilo lililotupa kiwango cha kawaida cha kupanda na kushuka kwa maji katika eneo lile lote.

Fanya hesabu ya udongo mwenyewe

Usisubiri mkandarasi akupe takwimu. Chukua handaki lenye kipenyo cha mita 7. Kila mita moja ya urefu inatoa mita za ujazo 38.5 za udongo. Kwa kawaida reli huhitaji mahandaki mawili, la kwenda na la kurudi, basi ni 77. Kwa njia ya kilomita 10 hiyo ni mita za ujazo 770,000, kabla hujagusa stesheni.

Lakini udongo ukichimbwa huumuka. Kutegemea aina yake, huongezeka kwa theluthi moja hadi zaidi ya nusu. Ukitumia mara moja na nusu unapata mita za ujazo 1,155,000. Lori likibeba 10, hizo ni safari 115,500 za kwenda, na idadi hiyo hiyo za kurudi. Uchimbaji ukichukua siku 900 za kazi, ni malori 128 yaliyojaa kila siku. Ukihesabu na yanayorudi matupu, katika siku ya kazi ya saa 12, lori moja litapita mlangoni pa mtu kila baada ya dakika tatu hivi, kwa miaka mitatu.

Andika sentensi hiyo ya mwisho kwenye ripoti, kwa lugha hiyo hiyo. Nimeona ripoti zikisema "ongezeko la wastani la magari mazito", na watu waliosoma maneno hayo hawakujua wanakubali nini.

Kisha fuata udongo hadi mwisho wa safari. Je, una mafuta au metali kutoka viwanda vya zamani? Je, umechanganyika na sabuni na bentonaiti (udongo laini wa mfinyanzi) zinazotumika kulainisha ardhi mbele ya mashine? Mlima utakaomwagwa utatiririsha nini mvua ikinyesha? Ukiuliza mapema, kifusi kinaweza kuwa mali. Zaidi ya tani milioni 3 zilizochimbwa kwa ajili ya reli ya Crossrail jijini London zilipelekwa kisiwa cha Wallasea, nyingi kwa meli, zikainua ardhi na kutengeneza makazi ya ndege wa pwani. Wazo la aina hiyo haliwezi kuingia mwezi mmoja kabla mashine haijawashwa, kwa sababu linahitaji gati, reli ya mizigo, au mahali pa kupokelea.

Maji hayasamehe

Handaki na stesheni ni ukuta mrefu ndani ya ardhi. Maji ya ardhini yaliyokuwa yakipita hapo yatapanda upande mmoja na kushuka upande wa pili. Wakati wa ujenzi, pampu za kukausha mashimo huyashusha zaidi. Matokeo yake ni mengi: visima hukauka, mizizi ya miti mikubwa hukosa maji, udongo wa mfinyanzi husinyaa, na nguzo za mbao zilizo chini ya majengo ya kale, ambazo hudumu karne nyingi zikiwa majini, huanza kuoza hewa ikizifikia.

Mwulize mtaalamu wa maji maswali matatu: maji yatashuka kiasi gani, hadi umbali gani, na yatachukua muda gani kurudi. Ukijibiwa "kidogo", omba namba.

Soma pia kilichotokea Hallandsås, kusini mwa Sweden. Ni handaki la reli lililotoboa mlima, tofauti na reli ya mjini, lakini somo lake ni letu. Maji yaliingia kupita kiasi, wajenzi wakatumia kemikali ya kuziba iliyokuwa na akrilamaidi, na mwaka 1997 sumu ikavuja hadi mitoni. Samaki walikufa, ng'ombe wakapooza, kazi ikasimamishwa. Handaki lilifunguliwa mwaka 2015. Kwa hiyo katika tathmini yako usiishie kwenye handaki. Orodhesha kila kitu kitakachosukumwa ardhini, na ueleze kinafanya nini kikikutana na maji kabla hakijaganda.

Hatari nyingine ni maji yanayobeba mchanga. Köln, Ujerumani, tarehe 3 Machi 2009, jengo la kumbukumbu za kihistoria za jiji liliporomoka kando ya shimo la ujenzi wa reli ya chini ya ardhi. Watu 2 katika nyumba za jirani walifariki. Maji na udongo vilikuwa vimepenya kwenye kasoro ya ukuta wa zege wa shimo lile. Kila ninapopitia mpango wa uangalizi natafuta mstari mmoja: nani anapima mchanga uliomo kwenye maji yanayotolewa na pampu, na kila baada ya muda gani. Mstari huo usipokuwepo, naurudisha mpango.

Kutitia na mtetemo

Mashine inapopita, ardhi hufuata nafasi iliyobaki. Ukichukulia kwamba udongo unaoingia kwenye nafasi hiyo ni asilimia 1 ya ujazo wa handaki lile la mita 7, kwenye mfinyanzi, kitovu cha handaki kikiwa mita 20 chini, ardhi ya juu itashuka milimita 15 hivi katikati, na bonde hilo litasambaa takriban mita 30 kila upande. Mchujo wa kwanza unaotumika sana ni huu: jengo likitarajiwa kushuka chini ya milimita 10 na kuinama chini ya 1 kwa 500, uwezekano wa madhara ni mdogo. Lililozidi hapo lipimwe moja moja. Majengo ya kale na mabomba ya chuma ya zamani yapimwe hata kama yamepita mchujo. Wakati wa kurefusha reli ya Jubilee jijini London miaka ya 1990, mnara wa Big Ben ulidhibitiwa usiiname kwa kusukuma rojo la saruji chini yake huku ukipimwa mfululizo.

Kuhusu mtetemo wa ujenzi, mwongozo wa Uingereza unaotumika katika nchi nyingi unasema kwamba katika makazi watu huweza kuuhisi kuanzia milimita 0.3 kwa sekunde. Ukifika milimita 1 kwa sekunde malalamiko yanategemewa, lakini unavumilika *kama wakazi wamepewa taarifa na maelezo mapema*. Maneno hayo ya mwisho nimeyathibitisha kwa macho yangu. Nyufa za nyumba huhitaji mtetemo mkubwa mara nyingi zaidi ya huo, ila mama aliyeamshwa saa tisa usiku na vikombe vinavyogongana kabatini hana sababu ya kuliamini hilo kama hakuna aliyemwambia.

Treni zikianza kutembea, tatizo linageuka kuwa mngurumo unaopanda kutoka ardhini. Crossrail walijiwekea kikomo cha desibeli 40 ndani ya nyumba za makazi. Dawa yake ni reli iliyowekwa juu ya bamba la zege linaloelea kwenye mpira au springi, na lazima iamuliwe mapema, kwa sababu bamba hilo linahitaji nafasi ndani ya handaki.

Yanayobaki

Hewa ya stesheni: magurudumu, reli na breki husaga vumbi laini lenye chuma kingi, kwa hiyo ipime ndani, usiishie kupima vumbi la ujenzi nje. Joto: mfinyanzi wa London ulikuwa na nyuzi 14 hivi mahandaki yalipochimbwa, na sasa sehemu nyingi umepita 19. Joto hilo laweza kutumika, kama inavyofanyika tangu 2020 pale Islington, ambako hewa ya shimo la stesheni iliyofungwa hupasha nyumba. Kaboni: hesabu saruji na chuma vyote kabla ya kujisifu kwa magari yatakayopungua, na useme itachukua miaka mingapi kulipa deni hilo. Mambo ya kale: jiji likiwa la kale, tenga muda wa wanaakiolojia kwenye ratiba. Metro ya Thessaloniki ilianza kujengwa 2006 na kufunguliwa Novemba 2024, na magofu yaliyofukuliwa yana sehemu yake katika ucheleweshaji huo.

Andika ahadi zinazoweza kudaiwa

Sura ya mwisho ya ripoti ndiyo ninayoiandika kwanza. Kila athari iwe na mstari wenye vitu vinne: kikomo kwa namba, anayepima, anayesimamisha kazi kikivukwa, na anachopewa aliyeathirika bila kuomba. "Mkandarasi atajitahidi" futa. "Hatua stahiki zitachukuliwa" futa.

Kwa kisima cha yule mzee tuliandika mafundo 16. Pampu za stesheni zilipokuwa kwenye kasi kubwa, kijana wetu alishusha kamba Jumamosi moja akahesabu 17. Jumatatu asubuhi tangi la maji lilikuwa uani pake, na pampu mbili zilikuwa zimepunguzwa. Tuliendelea kushusha kamba kila Jumamosi kwa masika mawili baada ya pampu kuzimwa, mpaka ikarudi 9.