Jinsi ya kujiandaa kwa mashindano ya kimataifa ya gitaa la klasiki

Mashindanoni hakuna kurudia. Unaitwa, unakaa, unapiga, na kitakachotoka mara hiyo ya kwanza ndicho majaji watakachokipa alama. Hatua zote hapa chini ni za kuizoesha mikono mara hiyo ya kwanza.

Hatua ya 1: Soma kanuni kabla hujapenda jina

Benicàssim, Hispania, kuna mashindano ya Francisco Tárrega yaliyoanza mwaka 1967. Alessandria, Italia, kuna ya Michele Pittaluga, tangu 1968. Marekani kuna ya Guitar Foundation of America, yanayohama mji, na mshindi wake hupewa ziara ya matamasha. Mimi naithamini zawadi ya namna hiyo kuliko bahasha ya fedha, kwa sababu mpigaji huishi kwa kualikwa.

Tazama umri, ada, kipande cha lazima na dakika za kila raundi. Kama fainali hupigwa pamoja na okestra, konseto (kipande cha gitaa na okestra) iwe imekaa vidoleni kabla hujatoka nyumbani. Ukisubiri upite nusu fainali ndipo uifufue, umechelewa.

Hatua ya 2: Panga programu kwa saa

Ukipewa dakika 15, andaa 13. Makofi, kutulia na kuweka sauti sawa hula muda.

Hapa kuna mtego wa uzi wa sita. Vipande vingi hutaka uushushe kutoka noti ya E hadi D, na nailoni ina tabia ya kurudi: unaushusha, unapiga mistari miwili, tayari umepanda. Ushushe kupita D kidogo, uvute taratibu kwa kidole, kisha upandishe hadi D kamili. Kipande hicho kiweke mwanzoni au mwishoni, usije ukahangaika na uzi huo mara mbili mbele ya watu.

Hatua ya 3: Rekodi video ya mchujo

Kanuni nyingi hukataa video iliyokatwakatwa, na hutaka uso na mikono yote miwili ionekane. Weka kipaza sauti kama mita moja na nusu mbele yako, mbali na ukuta. Sebule yenye zulia na makochi humeza sauti. Chumba chenye sakafu tupu ni bora.

Mara yangu ya kwanza nilirudia kipande kimoja usiku kucha, nikatuma cha alfajiri. Hakikuwa na kosa hata moja, wala hakikuwa na uhai. Sikupita. Tangu hapo, kwa mwezi mzima kabla ya kutuma, narekodi mara moja tu kwa siku, bila kupasha vidole moto, kisha nasikiliza kesho yake. Kufikia wiki ya tatu utajua ni mstari gani unakuangusha kila siku. Huo ndio wa kufanyia kazi, polepole, peke yake.

Hatua ya 4: Linda kucha

Sugua kwa msasa laini sana, namba 2000 au zaidi, hadi ukingo uteleze kwenye uzi bila kukwaruza. Kwenye kasha beba mpira wa tenisi ya meza na supaglu. Ukucha ukivunjika, kata kipande cha mpira huo, kibandike chini ya ukucha, kikauke, kisha kichonge kwa msasa. Jifunze nyumbani, usiku wa kuamkia raundi si wa kujaribu.

Hatua ya 5: Safari

Viza ya Schengen, ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, huombwa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari, basi barua ya mwaliko iombe mapema. Gitaa hupenda unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Ukilitoa Mombasa au Dar es Salaam ukaliingiza kwenye chumba cha Ulaya chenye hita, mbao husinyaa na uso wa gitaa huweza kupasuka. Weka kilowanishi, kifaa cha kutoa unyevu, ndani ya kasha.

Ulizia pia mbao zake. Mti wa rosewood wa Brazili, ndugu wa mpingo wetu, unabanwa vikali na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na gitaa lake huhitaji vibali. Kwa jamii nyingine za ukoo huo, ala zilizokamilika zilisamehewa mwaka 2019.

Hatua ya 6: Jukwaani

Kaa, rekebisha kibao cha mguu, pumua mara mbili. Anza na kipande unachokipiga vizuri hata vidole vikiwa baridi.

Matokeo yakitoka, hata kama umetolewa, mfuate jaji ukiwa na daftari. Muulize ni wapi aliacha kukusikiliza.