Traina ya baiskeli kwa bei nafuu: anza na ekseli ya baiskeli yako

Mvua ikishika Mbeya kuanzia Novemba, hadi Aprili au Mei nafasi ya kunyonga baiskeli nje inabaki ya kuibia-ibia. Kiangazi kikifika, barabara kuu ya TANZAM ina malori ya Tunduma usiku na mchana, na alfajiri za Juni kule Njombe na Makete vidole havishiki breki. Ndiyo maana watu wengi wa nyanda za juu wanaulizia traina, yaani fremu ya chuma inayoinua gurudumu la nyuma na kulibana kwenye rola inayoleta ugumu wa kunyonga, ukapiga pedali sebuleni bila kwenda popote.

Wengi huanza kwa kutafuta traina ya bei rahisi, ikishafika nyumbani ndipo wanagundua haiingii kwenye baiskeli yao. Anza upande wa pili. Chukua futi, inama nyuma ya baiskeli, pima vitu vitatu.

Kwanza soma ubavu wa tairi. Utakuta maandishi kama 26 x 1.95, 27.5 x 2.1, 700 x 28C, au 28 x 1 1/2 kwenye Phoenix na ndugu zake. Traina nyingi hupokea inchi 26 hadi 29. Tairi la Phoenix lina kipenyo kinachokaribia la inchi 29, kwa hiyo traina inayoishia inchi 26 peke yake haikufai. Tairi za inchi 20 na 24 za watoto zinahitaji traina iliyotajwa wazi kuwa inazipokea.

Pili, angalia ekseli ya nyuma, yaani chuma cha katikati ya gurudumu, inavyofungwa. Kama gurudumu linatoka kwa kuvuta mkono mdogo wa pembeni bila spana, una kazi rahisi: karibu kila traina huja na chuma chake cha kupitisha katikati ya ekseli, chenye ncha zilizochongwa kukaa ndani ya vikombe vya traina, yaani vibanio vya pande mbili vinavyoshika ncha za ekseli. Usitumie kile cha zamani cha baiskeli. Mkono wake huwa wa aluminiamu au plastiki, na vikombe vikiubana unapondeka. Kama ekseli ina nati pande zote mbili, traina lazima iwe na vikombe vipana vya kumeza nati, au nati maalumu za kofia zinazouzwa kando. Hapa ndipo Phoenix, baiskeli za mtumba za Kijapani na nyingi za dukani zenye bei ya chini zinapokwamia. Na kama ekseli ni bomba nene la milimita 12, la kufungulia kwa ufunguo wa pembe sita, utahitaji ekseli mbadala yenye nyuzi zinazolingana na fremu yako.

Tatu, pima upana. Ndani kwa ndani ya fremu, pale gurudumu linapokaa, baiskeli ya barabara yenye breki za ringi ni milimita 130, ya milimani 135, na yenye ekseli nene mara nyingi 142. Halafu pima nje kwa nje, kutoka ncha ya nati hadi ncha ya nati. Kipimo hicho cha pili ndicho muuzaji huwa haulizwi, na ndicho kinachoamua kama taya za traina, zile zinazobeba vikombe, zitafunguka vya kutosha.

Mwenye Phoenix ana kazi ya ziada. Stendi ya miguu miwili, keria na vyuma vya madigadi vyote vimefungwa kwenye ekseli ileile. Fungua nati kwa spana namba 15 au 17, toa stendi na keria, rudisha washa na nati, kaza. Hakikisha nati imeshika nyuzi zote na gurudumu limekaa katikati ya fremu kabla hujalibana kwenye traina. Na tukiwa hapo: kuipandisha Phoenix juu ya stendi yake na kunyonga gurudumu likizunguka hewani si mazoezi. Hakuna ugumu wowote pale, na ile miguu miwili imetengenezwa kubeba baiskeli, haikutengenezwa kubeba baiskeli na mtu wa kilo 80 anayeyumba.

Sasa aina za traina. Ya feni hutumia upepo kuleta ugumu, na kwa nyanda za juu haishauriki. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar kwa takriban asilimia 15, hivyo feni ileile inakupa ugumu pungufu kwa kiasi hichohicho. Juu ya hapo inanguruma kama mashine ya kukoboa. Katika nyumba za kupanga zenye ukuta mmoja na jirani, utaambiwa.

Ya sumaku ndiyo tunayoipendekeza kwa mwenye bajeti ndogo. Ina ngazi 5 hadi 8 za ugumu, mara nyingi zinabadilishwa kwa kebo na kiwiko unachofunga kwenye usukani. Haihitaji umeme, haijali mwinuko, na ikiharibika mara nyingi ni kebo tu, ambayo fundi anaweza kuibadilisha. Udhaifu wake ni kwamba kila ngazi ina mwisho wake. Mtu mwenye miguu yenye nguvu ataufikia mapema. Kwa baiskeli isiyo na gia hakikisha kiwiko kipo, kwa sababu bila gia hicho ndicho gia yako.

Ya mafuta ina feni ndogo inayozunguka ndani ya mafuta mazito. Ukiongeza kasi, ugumu unapanda wenyewe, kwa hiyo inakwenda vizuri hata na baiskeli ya gia moja, na ni tulivu kuliko zote mbili. Lakini mafuta yakiwa baridi huwa mazito zaidi. Asubuhi ya Julai dakika kumi za mwanzo zitakuwa ngumu, kisha ugumu ulegee bila wewe kugusa kitu. Si ubovu. Ubovu ni kuona unyevu wa mafuta chini ya kopo lake: sili imekufa, na ukarabati wake ni wa shida.

Za kidijitali, zinazounganishwa na simu kwa Bluetooth na programu kama Zwift, ni nzuri, ila zinataka soketi, bando, na umeme usiokatika. Umeme ukikatika nyingi hupoteza ugumu papo hapo. Kwa anayetaka afya tu, hiyo pesa inunue tairi zuri na kitu kingine cha nyumbani.

Kwa bei za maduka ya mtandaoni ya Marekani na Ulaya, traina mpya ya sumaku huangukia kati ya dola 60 na 150, na ya mafuta huwa juu ya hapo. Kumbuka usafiri: ya sumaku ina uzito wa kilo 7 hadi 10 hivi, ya kidijitali inayoshika cheni moja kwa moja, gurudumu la nyuma likiwa limetolewa, hufika 15 hadi 20, na kutoka Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800 za kulipia mzigo kwenye basi.

Ya mtumba si mbaya, ila usiuziwe kimeo. Zungusha rola kwa mkono: iende laini, bila mkwaruzo wa gololi zilizoliwa. Itikise kushoto na kulia. Ikicheza, beringi zimekwisha. Kaza na kulegeza parafujo ya taya mpaka mwisho, maana nyuzi zilizolika haziponi. Angalia raba za miguu na sehemu za kuchomelea. Mwisho uliza kile chuma cha ekseli kiko wapi. Kwenye mitumba ndicho kinachopotea kwanza, na bila hicho umenunua stuli.

Kabla ya kufunga, shughulikia tairi. Tairi la milimani lenye meno makubwa linapiga kelele, linatetemeka na linalika upesi. Weka laini, kwa mfano 26 x 1.5, hata la mtumba, mradi halina nyufa. Lijaze mpaka karibu na kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni. Tairi lenye upepo mdogo hupashwa moto na rola na huteleza.

Kufunga kwenyewe:

1. Tandika kipande cha zulia chakavu au raba juu ya sakafu. Usitumie godoro, kwa sababu miguu ya traina itayumba.
2. Fungua miguu ya traina mpaka mwisho, weka baiskeli, bana ekseli. Sukuma siti kushoto na kulia. Fremu isicheze ndani ya vikombe.
3. Sogeza rola mpaka iguse tairi, kisha zungusha kitasa cha kukazia rola mizunguko miwili kamili, au kadiri karatasi ya traina inavyosema.
4. Shika gurudumu kwa mkono na ulivute ghafla. Rola izunguke pamoja na tairi. Likiteleza, ongeza nusu mzunguko, ujaribu tena.
5. Inua gurudumu la mbele kwa ubao mpaka ekseli mbili ziwe sawa, kwa kawaida sentimita 3 hadi 6.

Harufu ya mpira unaoungua na vumbi jeusi jingi chini ya rola maana yake umelegeza mno na tairi linateleza. Tairi likiwa la moto kuligusa na rola inalia mluzi, umekaza mno. Utachoma tyubu na kuua beringi. Vumbi kidogo ni kawaida.

Fungua dirisha. Hata Iringa asubuhi ya baridi, ndani ya dakika 15 jasho litadondoka, kwa sababu hakuna upepo wa mwendo wa kulikausha. Tandaza taulo juu ya usukani na bomba la fremu. Chumvi ya jasho inaingia kwenye beringi za usukani na kuzishikisha bolti kutu bila kuonekana. Mtu aliyepanda juzi kutoka Pwani aanze na ngazi ya chini, kwani moyo utakwenda mbio kuliko alivyozoea kwa wiki kadhaa.

Baada ya dakika kumi za mara ya kwanza, shuka ukaze tena taya na kitasa cha rola. Vyuma vipya hukaa vizuri na kulegea. Ukimaliza, legeza rola kabisa. Tairi lililoachwa limebanwa usiku kucha hupata bonde mahali pamoja, na kesho yake utalisikia likigonga kila mzunguko.