Kurusha sahani ndani ya shamba la mikanju: acha mabavu nyumbani

Kama ushacheza frizbi, ile sahani ya plastiki ya kurushiana, pale ufuoni ukajiona fundi, njoo ucheze ndani ya miti afu tuongee. Mimi nilijiona bingwa mpaka siku ya kwanza tulipoingia na wenzangu kwa shamba moja la mikanju na miembe njia ya kwenda Gede, sahani yangu ya kwanza ikagonga shina hapo hapo mbele, ikarudi ikanipita sikioni, watoto waliokuwa wanachunga mbuzi wakacheka mpaka wakakaa chini.

Mchezo wenyewe ni disiki gofu, yani gofu lakini bila mpira bila fimbo, ni sahani na mkono wako tu. Unarusha kuelekea kikapu cha minyororo, ilipotua ndo unarushia tena, aliyerusha mara chache zaidi ndo mshindi. Hicho kikapu alikibuni Ed Headrick kule California miaka ya 1970, na jamaa aliupenda huu mchezo hadi alipofariki 2002 majivu yake yakachanganywa na plastiki yakafanywa sahani, subhanallah. Sisi minyororo hatuna, tumefunga leso kuukuu kwa miti tisa, ukigonga shina chini ya leso umemaliza. Usione haya, hata kwao walianza kwa kulenga miti na milingoti.

Kwanza kabisa piga hodi kwa mwenye shamba. Sisi tulimkuta mzee amekaa kivulini, shikamoo, marahaba, akaishika ile sahani akaigeuza geuza, "Hii ni ya kulia wali?" Tukamweleza. Akasema chezeni, lakini mwembe ukiwa na maua msiusogelee, manake hilo ua unaloliangusha ndilo embe lake. Basi wakati wa maua tunahamisha leso, hamna mjadala. Na usidhani msitu wa Arabuko-Sokoke ni uwanja, ule ni hifadhi, kule enda kaangalie ndege.

Vaa suruali ndefu na viatu vya kufunika mguu. Si mambo ya fasheni, ni upupu. Ukiona maganda yenye manyoya ya kahawia yananing'inia kwa vichaka na sahani yako imeingia hapo, tafuta kijiti uivute, usitie mkono, mimi nilitia na nikajikuna mpaka Malindi mjini kwenye matatu watu wakanikimbia. Nyoka pia wapo, kwahiyo piga piga majani kabla hujainama. Na chini ya mnazi usisimame kupiga hesabu.

Sahani chukua mbili tu, ya kati na ile ya kulengea karibu. Zile za kwenda mbali zenye ukingo mwembamba ziache, zataka nguvu na nafasi na hapa huna zote mbili. Rangi iwe ya waridi au buluu kali, ya kijani usijaribu, na ya manjano ikilala kwa majani makavu ya mwembe utaipita mara kumi. Andika namba yako ya simu upande wa chini.

Sasa kurusha kwenyewe. Usiangalie miti, angalia uchochoro uliopo katikati yake, utafute hata kama ni mwembamba, afu rusha chini chini usawa wa kifua kwa nusu ya nguvu zako. Ukirusha kwa mkono wa kulia mgongo wa mkono ukiwa mbele, sahani ikipungua mwendo itakata kushoto, hiyo ndo tabia yake, kwahiyo ukitaka ikate kulia rusha kwa kiganja mbele, vile mtoto anavyorusha kigae kiruke ruke juu ya maji. Ukiinamisha ukingo wa nje kuelekea chini itapinda mapema zaidi. Ndani ya miti upepo hausumbui sana, lakini ukitoka pale peupe na kusi inakupiga usoni sahani itanyanyuka na kupinduka, ipeleke chini.

Ikigonga mti usikasirike ukataka kupita kwa nguvu kwenye tundu la sindano. Itoe tu pembeni hadi penye nafasi, umepoteza mrusho mmoja badala ya minne. Hapa ndo wengi wanafeli, hasa vijana wa jimu.

Aliye mbali na leso ndo anatangulia kurusha, wengine wakae nyuma yake. Ukiona inaelekea watu piga kelele, usingoje. Ikipotea sheria ni kutafuta dakika tatu, basi, hesabu adhabu urudi pale uliporushia. Ikikwama juu ya mti unacheza kutoka chini yake, na kuishusha omba ule mti mrefu wa kuangulia maembe, usirushe magogo, yatakwama nayo.

Yangu moja ya waridi ingali juu ya mwembe wa leso ya saba. Atakayeangua maembe akaiona anibipu, namba iko chini yake.